Simu inasema kata kulia, na nyuma yako kuna kontena la futi 40

"Shikamoo mwalimu. Nimeendesha Fuso hapa Dar miaka sita, nabeba saruji na nondo. Mwezi ujao naanza kazi kwenye semi, lile lori la kichwa na tela. Kampuni inapeleka makontena Tunduma, mpakani na Zambia, na mara nyingine inavuka hadi Kongo. Wiki iliyopita kwenye majaribio nilitoka Kurasini na kontena tupu la futi 40 naelekea Mbezi. Barabara ya Mandela ilikuwa imefunga kwa foleni, simu ikanishauri nitokee Tabata nipite Kinyerezi. Kabla ya Malamba Mawili ikaniambia kata kulia, nikakata. Mbele kidogo nyaya za umeme zimelala, kona haizungukiki, nikarudi nyuma karibu saa nzima huku wakazi wananitukana. Madereva wazee ofisini wananicheka, wanasema GPS ni ya wenye taksi. Bosi anasema gari lina GPS tayari, siwezi kupotea. Na Kariakoo nimeona kifaa cha malori, muuzaji anasema kinajua njia zote za magari makubwa. Nikinunue? Dereva wa gari kubwa anapaswa kweli kuvitegemea hivi vitu?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza pole, na hongera kwa kusimama. Wapo wanaoendelea mbele wakitumaini mtaa utapanuka, wakaishia kung'oa waya wa mtu au kukwama hadi winchi ije.

Nikujibu kwa ufupi kabla ya maelezo: chombo kitegemee kukuambia uko wapi na umebakiza kilomita ngapi. Usikitegemee kukuambia gari lako linapita wapi. Mambo hayo mawili unayaona kwenye kioo kimoja, lakini hayatoki sehemu moja, na wewe, bosi wako na wale wazee mmeyachanganya.

Nianze na bosi. "GPS" anayoisema yeye ni kifuatiliaji kilichofungwa kwenye gari. Kinapima mahali gari lilipo kwa setilaiti, kisha kinapeleka taarifa ofisini kwa laini ya simu, kama laini yoyote. Bosi ataona umesimama Mikese, au umekimbiza gari Mdaula. Wewe uliyeshika usukani hakikuambii neno. Gari lenye kifuatiliaji linaweza kupotea vizuri tu, ila litapotea huku bosi akiangalia.

Sasa kuhusu setilaiti zenyewe. Zile za GPS ni za Marekani, zinazunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, na simu nyingi za siku hizi husikiliza pia za Urusi, za Ulaya na za China. Kila setilaiti ina saa ya atomu, nayo inatangaza muda na mahali ilipo, basi. Simu yako inapima kila tangazo limetumia muda gani njiani, na ikipata setilaiti nne au zaidi inapiga hesabu ya mahali ilipo yenyewe. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, hesabu inakosea kwa mita 300. Ndiyo sababu zinawekwa saa za atomu na si za kawaida. Watu wengi wanadhani setilaiti inawaona. Haiwaoni. Ni kama redio: kituo kinatangaza, hakijui nani anasikiliza wala yuko kijiji gani.

Kwa hiyo kujua mahali ulipo hakuhitaji bando. Bando linahitajika kuleta ramani na taarifa za foleni. Ukishusha ramani ya Tanzania na ya Zambia kwenye simu ukiwa bado mjini, alama yako ya bluu itaendelea kutembea hata pale mtandao unapokatika katikati ya hifadhi ya Mikumi. Dereva anayesema "GPS ilikufa Mikumi" mara nyingi ramani ndiyo iliyokufa, kwa sababu hakuishusha.

Palipo wazi simu ya kawaida hukosea kwa kama mita 5. Kwa safari ndefu hiyo si kitu, lakini kwa barabara zetu za mjini mita 5 zinatosha kukuhamisha kutoka barabara kuu hadi barabara ya pembeni. Kati ya Ubungo na Kimara simu inaweza kuamini uko kwenye njia ya mwendokasi, ile ya mabasi pekee. Na pale Ubungo kwenye Daraja la Kijazi lenye ngazi tatu, kumbuka kwamba kimo ndicho setilaiti hupima vibaya zaidi, kwa hiyo uko juu na simu inadhani uko chini, inakuamuru ukate mahali ambapo huna hata tundu la kukatia. Ukiikosa njia panda, ikose kwa amani. Endelea mbele, itapanga upya. Gari la mita karibu 20 halirekebishwi kwa kukata ghafla.

Njia ni habari nyingine kabisa, na haitoki angani. Inatoka kwenye ramani iliyochorwa na watu, ambayo ndani ya programu ni mistari iliyounganishwa kwenye makutano. Kila mstari umepewa dakika zake, na programu inatafuta mfululizo wenye dakika chache. Dakika za nani? Za gari dogo. Foleni nayo inakadiriwa kwa kasi ya simu zilizomo barabarani wakati huo: simu nyingi zikitambaa Mandela, mstari wa Mandela unaongezewa dakika, na kamtaa kalikotulia kule ndani kanaanza kupendeza. Kametulia kwa sababu anayepita ni mkazi na bodaboda yake. Siku ile simu haikukosea hesabu. Ilijibu swali la mtu mwenye gari dogo, IST.

Ramani za Google, ambazo nadhani ndizo ulizotumia, hazina mahali pa kuandika kimo, urefu wala uzito wa gari. Hata ungetaka kuiambia una semi, usingekuwa na pa kuandika. Tafadhali kaa na jambo hili kidogo, maana ndiyo kiini cha swali lako.

Chukua kimo. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, lile refu la juu lina mita 2.90. Kwa macho, mtu aliyesimama chini hatofautishi haraka, na bado hizo ni sentimita 31. Kitanda cha tela lako kikiwa mita 1.5 kutoka chini, kontena moja linakupa kimo cha mita 4.09 na jingine mita 4.40. Halafu kuna jambo ambalo madereva wengi wapya hawalifikirii: tela tupu linakaa juu kuliko lililobeba, kwa sababu springi hazijabanwa. Wewe ulikuwa na kontena tupu. Waya uliopitwa jana na mwenzako mwenye tani 25 ndani unaweza kukugusa wewe leo. Kwa hiyo kila ukipakiwa, pima kwa tepu, andika kimo kwenye karatasi na ukibandike mbele yako. Usikadirie.

Uzito vilevile. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na tela vyenye jumla ya ekseli 7, na barabara kuu za TANROADS, wakala wa barabara kuu, zinatarajia mizigo ya namna hiyo. Mitaa iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mingi haitarajii. Kalavati la mtaani lililowekwa kwa ajili ya pikapu na maji ya mvua halina sababu ya kukubeba, na kibao cha ukomo wa tani kinachosimama mwanzoni mwa mtaa mara nyingi hakipo kwenye ramani ya simu. Kona nayo unaijua: magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati ya kichwa, yanakata ndani. Fuso ilikusamehe. Semi inabomoa ukuta.

Dar ina upekee wake hapa. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata za jiji kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, lengo likiwa kujiandaa na mafuriko: nyumba, mitaro, vichochoro. Ni kazi nzuri sana na naiheshimu. Lakini kwa dereva wa semi maana yake ni kwamba vichochoro vingi vya Tandale na Manzese viko kwenye ramani, vimechorwa safi, na programu zinazotumia ramani hiyo zinavijua. Ramani hiyo ina sehemu ya kujaza ukomo wa kimo na wa uzito wa kila barabara. Mitaa mingi hakuna aliyejaza. Na programu inapokuta pameachwa wazi, inasoma kwamba panapitika.

Hapo ndipo tunafika kwenye kifaa cha Kariakoo. Vifaa vya malori ni vya kweli, si utapeli. Unaandika kimo, upana, urefu, uzito, hata aina ya shehena, na kinakwepa daraja fupi na barabara yenye ukomo. Vilitengenezewa Ulaya na Marekani, ambako vibao vya barabarani vimeingizwa kwenye ramani kwa wingi. Na hata huko havijamaliza tatizo: Uingereza malori bado yanagonga madaraja ya reli na kukwama kwenye vijia vya vijijini, baadhi yakiwa yanafuata vifaa vya magari madogo, hadi wenyeji wakaweka vibao vya kuwaonya madereva wa malori wasikifuate kifaa.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama kinajua njia za malori. Mwombe akiwashe. Andika gari la kimo cha mita 5 na uzito wa tani 60, kisha mwambie akupangie njia kutoka Kurasini hadi kwenye mitaa ya ndani unayoijua mwenyewe kwamba hata Fuso inapita kwa shida. Halafu badilisha, andika gari dogo, omba njia ileile. Njia zikifanana kabisa, kifaa hakina taarifa za malori za hapa, na unalipia jina. Rudia kwa Morogoro, rudia kwa Mbeya. Muuzaji akikataa kukiwasha, umeshapata jibu. Mimi kwa sasa nisingetoa hela ya mfukoni kwa ajili ya safari za Tanzania na Zambia. Nafuu simu nzuri, kishikio imara na ramani zilizoshushwa. Kampuni ikitaka kununua, sawa, kifaa maalumu kina kioo kikubwa, hakipigiwi simu, na hakizimiki ovyo kwa joto la dashibodi saa saba mchana Chalinze.

Lipo pia suala la muda, ambalo naona linaumiza madereva kuliko hata vichochoro. Saa ya kufika inayoonyeshwa ni ya gari dogo. Wewe kisheria mwisho wako ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kila penye makazi, na kutoka Chalinze hadi Tunduma makazi ni mengi. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Ukiweka wastani wa 50, ambao ni wa kweli kwa gari lenye mzigo, ni zaidi ya saa 18 za magurudumu kuzunguka tu, bila foleni ya mizani Vigwaza na Mikese, bila kula wala kulala. Dereva mpya anaona simu inasema atafika jioni, anaanza kuikimbiza. Ukiona hiyo tabia inakujia, ficha ile saa kwenye kioo au iongezee nusu yake kichwani.

Na milima. Kwenye simu, Kitonga ni mstari uliopindapinda kidogo baada ya Ruaha Mbuyuni. Kwenda Iringa utaupanda, gari litalia lakini utafika. Kurudi na shaba ya Kongo utaushuka, na hapo simu haitakuambia ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, tumia breki ya injini, usiachie frii. Breki za ngoma zikikandamizwa mfululizo zinapata joto, ngoma inatanuka, bitana zinapoteza mshiko, na mguu wako unazama bila gari kupungua. Inyala na Iwambi kule Mbeya ni hadithi hiyohiyo. Hakuna setilaiti inayojua joto la breki zako.

Ramani pia huchelewa. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar kwenda Lindi maeneo ya Somanga, malori yakalala njiani siku kadhaa. Kwenye mchoro wa ramani mstari ulibaki mstari. Taarifa ya kweli ilikuwa kwa TANROADS, kwa trafiki na kwenye sauti za WhatsApp za madereva waliokuwa palepale.

Ukianza kubeba mzigo wa kwenda nje, kuchepuka kutakuwa na uzito wa kisheria pia. Shehena ya transiti, yaani inayopita tu nchini kwenda nje, hufungwa lakiri ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, ile mtakayoiita sili, na inafuatiliwa kwa njia iliyopangwa. Ukitoka nje ya njia kwa sababu simu imekuonyesha mkato wa dakika kumi na mbili, huko TRA inaonekana gari limeacha njia na mzigo usiolipiwa ushuru, na watakuja kukuuliza. Mkato ukikupitisha kando ya mizani, umekwepa mizani, na sheria haiulizi nani alikushauri. Kwa hiyo kwenye safari ya transiti swali la njia gani halipo mikononi mwa simu wala mikononi mwako. Limeshaamuliwa kwenye karatasi.

Wale wazee wanaokucheka wasikilize, lakini si kwa kila kitu. Wanajua kitu ambacho hakipo kwenye ramani yoyote: wapi pa kulala tela lisinyonywe mafuta, kona gani ya Kitonga magari huharibikia. Ila ujuzi wao nao huchakaa. Aliyeacha kwenda njia fulani miaka mitatu hajui daraja lipi limejengwa upya, na nimewaona haohao wakimwita kijana pembeni, "hebu nitazamie, Ubungo pakoje?"

Namna ya kuitumia, basi. Panga njia ukiwa umesimama, usiku wa kabla ya safari. Itazame yote kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mahali inapotoka kwenye barabara kuu jiulize kwa nini. Geuza kwenye picha ya setilaiti uone upana wa mtaa na kama kuna sehemu ya kugeuzia. Njiani simu ikae kwenye kishikio, pembeni, chini ya mstari wa macho, na atakayeigusa ni utingo; wewe usiishike ukiendesha, kwa gari la tani 50 ni hatari kwa wote mlio barabarani. Ikitoa mkato mpya wakati gari linatembea, jibu ni hapana, hadi usimame na kuutazama. Na kila safari weka alama zako mwenyewe: maegesho salama, fundi wa tairi, waya uliolala, kalavati bovu. Baada ya muda utakuwa na ramani ya semi ambayo muuzaji wa Kariakoo hana.

Kuna mambo usiyaulize kwenye simu wala kwangu, nenda kwa mtu ana kwa ana. Mzigo ukizidi vipimo vya kawaida, mtambo juu ya lobedi, lile tela la chini, kwa mfano, kampuni iende TANROADS kuomba kibali na kupangiwa njia. Usiondoke kwa maneno. Kama hujawahi kushuka mlima na mzigo kamili, mwombe bosi akupeleke kwenye mafunzo ya magari makubwa, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo, si mbali. Na ukikwama tena chini ya nyaya, usimpandishe utingo juu ya kontena kuziinua kwa mti, nimeshuhudia watu wakifanya hivyo. Waya ukigusa gari, baki ndani, asiye ndani asiguse gari, na apigwe simu TANESCO wakate umeme. Polisi ni 112, zimamoto 114. Utashuka tu endapo gari linawaka, kwa kuruka miguu yote miwili pamoja bila kushika bodi, kisha uondoke kwa hatua fupifupi za kuburuza.

Kwa safari yako ya kwanza, mwambie bosi mambo matatu kabla hujachukua funguo: akupe njia kwa maandishi pamoja na vituo vya kulala, akupe namba ya mtu atakayepokea simu usiku, na akupange ufuatane na gari la mzoefu kwenda na kurudi. La mwisho likishindikana kwa kwenda, ling'ang'anie kwa kurudi, kwa sababu Kitonga utaishuka ukiwa na mzigo. Lala Iringa, na uishuke asubuhi.